Ziwa Nakuru Linaamuliwa Nje ya Seng'enge

Lango kuu la zamani la Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru lilimezwa na maji. Ziwa lilianza kupanda kuanzia mwaka wa 2010 hivi, na baada ya miaka michache Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likalazimika kuhamisha lango pamoja na afisi. Migunga iliyokuwa kando ya ziwa ilikauka ikiwa imesimama, na mashina yake yakabaki majini kama nguzo za nyumba iliyoezuliwa. Mbuga hii ina kilomita mraba 188 na imezungushiwa seng'enge ya umeme tangu miaka ya 1980. Seng'enge hiyo imefanya kazi kubwa ya kuwazuia majangili na kuwatenga simba na mitaa ya watu. Maji haikuyazuia, wala haingeweza.

Nilifundisha jiografia katika shule za upili upande wa Njoro kwa miaka mingi, na karibu kila mwaka nilipanda basi na wanafunzi kwenda mbugani. Tulihesabu vifaru, tukachora ramani ya ziwa, tukala mkate na soda, tukarudi. Waliovutiwa waliniuliza swali lile lile mwaka baada ya mwaka: "Mwalimu, mtu akitaka kazi ya wanyamapori anaanzia wapi?" Nami niliwajibu kwa nilichokijua: angojee usajili wa makurutu wa KWS na mafunzo ya Manyani, au asomee usimamizi wa wanyamapori chuo kikuu kisha atume maombi ya kazi. Sikuwahi kuwapeleka msitu wa Mau, unakoanzia mto unaoingia katika ziwa lile. Jibu langu lilikuwa la ndani ya seng'enge, na naamini ndilo jibu ambalo nchi nzima bado inawapa vijana wake.

Hebu tuufuate Mto Njoro. Unaanzia Mau Mashariki. Huko juu mwenye usemi ni Shirika la Misitu, ingawa mwaka 2001 serikali ilikata zaidi ya hekta 35,000 za msitu huo wa Mau Mashariki ili watu wapewe mashamba. Ukishuka kidogo unaingia kwenye viazi na mahindi, na kilimo ni jukumu la kaunti. Anayetaka kupiga maji ya mto kwa pampu huomba kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Anayetaka kumwaga maji machafu anapaswa kuwajibika kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Mto unapita Chuo Kikuu cha Egerton, unapita mji wa Njoro, unakaribia mitaa ya Nakuru, na hapo majitaka ni kazi ya kampuni ya maji huku takataka zikiwa kazi ya idara nyingine ya kaunti. Jalala la Gioto limekaa kwenye mteremko wa Menengai, na kila mvua kubwa inaposhuka mteremko huo hubeba ilichokikuta njiani ikielekea mjini na ziwani. Baada ya mikono yote hiyo, mto unapita chini ya seng'enge na kuwa wa KWS.

Sasa hesabu watu waliosomea wanyamapori katika safari hiyo nzima. Wote wako mwishoni, wamesimama ukingoni wakipokea kile ambacho wengine wameshakiamua.

Heroe ndio wanaolisema jambo hili waziwazi kuliko yeyote. Sisi wa Nakuru tunawaita flamingo tu, na mtaa mmoja wa mji umepewa jina lao. Chakula chao ni mwani mdogo unaostawi kwenye maji makali ya magadi. Ziwa lilipojaa maji ya mvua na ya mito, magadi yalipoteza ukali, mwani ukapungua, na ndege wengi wakahamia Bogoria na maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Hakuna aliyewawinda na hakuna askari aliyelala kazini. Kila kitu kilichotakiwa kufanyika ndani ya mbuga kilifanyika, na bado waliondoka.

Tena heroe hawa, wengi wao wa aina iitwayo heroe mdogo, hawazaliwi hapa. Takriban robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima huanguliwa Ziwa Natron, nchini Tanzania. Katika miaka ya 2000 kulipoletwa mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha magadi huko Natron, hatima ya ndege ambao Nakuru huwauza kwa watalii ilikuwa katika ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, katika nchi ambayo KWS haina usemi. Mpango huo ulipingwa vikali, na mwaka 2008 kampuni ya Tata Chemicals ikajiondoa. Waliofanikisha hilo walikuwa watu wanaojua kuisoma ripoti ya kurasa mia kadhaa, wakaona palipo na pengo, wakaandika pingamizi kabla ya siku ya mwisho. Kazi hiyo haina sare wala darubini, lakini ni uhifadhi kamili.

Nisieleweke vibaya kuhusu seng'enge. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa hawafiki 400. Ziwa Nakuru lilifanywa hifadhi ya vifaru mwaka 1987, wakalindwa usiku na mchana, na sensa ya kitaifa ya 2021 ikahesabu vifaru weusi 897 nchini. Ulinzi huo una watu walioulipia kwa maisha yao. Una pia Michael Werikhe, kijana wa Mombasa aliyewahi kufanya kazi katika ghala la serikali la pembe, akashindwa kuvumilia alichokiona, na mwaka 1982 akatembea kwa miguu kutoka Mombasa hadi Nairobi ili watu wajue vifaru wanakwisha. Baadaye alitembea pia katika nchi za Ulaya. Hakuwa na cheo chochote cha uhifadhi.

Lakini vifaru hao hao ndio walionifanya niandike makala haya. Mwaka 2018 vifaru weusi 11 walichukuliwa kutoka Nairobi na Nakuru wakapelekwa Tsavo Mashariki kuanzisha kundi jipya. Wote walikufa. Uchunguzi ulitaja maji yenye chumvi nyingi waliyokunywa huko, yaliyowakausha na kuwadhoofisha. Wa mwisho alishambuliwa na simba akiwa tayari hoi. Watu wengi walilitazama tukio hilo kama kosa la madaktari wa mifugo au la madereva wa malori. Mimi naliona kuwa somo la uongozi. Kupima chumvi ya maji ni kazi ya maabara ya kawaida kabisa, na hata mwanafunzi wa kidato cha nne anajua kwa nini mnyama aliyezoea maji ya upande mmoja hawezi kubadilishiwa ghafla. Swali gumu ni lingine: taarifa kama hiyo inapandaje kutoka kwa aliyeshika chupa ya sampuli hadi kwenye meza inayotia sahihi? Na ikifika pale, ni nani mwenye uzito wa kusema "tusubiri" wakati tarehe imeshatangazwa na wageni wameshaalikwa?

Huyo ndiye kiongozi tunayemkosa. Hatujengi ngazi ya kumfikisha pale.

Ukitazama waliowahi kulibeba jambo hili kwa nguvu Kenya, utashangaa ni wachache waliopita njia niliyokuwa nikiwaonyesha wanafunzi wangu. Perez Olindo, Mwafrika wa kwanza kuongoza mbuga za kitaifa, alikuwa usukanini Ziwa Nakuru lilipotangazwa mbuga ya kitaifa mwaka 1968. Yeye ndiye aliyeikaribia zaidi njia ya kawaida. Richard Leakey alikuwa mtu wa masalia ya kale, mchimbaji wa mafuvu. Alipopewa wanyamapori mwaka 1989 aliishawishi serikali kuchoma tani 12 za pembe za ndovu mbele ya ulimwengu, akaijenga KWS kuwa shirika lenye mapato na nidhamu yake. Wangari Maathai alisomea miili ya wanyama na kufundisha kitivo cha tiba ya mifugo. Alianza kampeni ya kupanda miti mwaka 1977 baada ya kuwasikiliza wanawake wa mashambani wakilalamikia kuni na maji, mwaka 1989 akapambana na jengo la ghorofa 60 lililotaka kuimeza Uhuru Park, na kufikia 2003 alikuwa waziri msaidizi wa mazingira. Judy Wakhungu ni mwanajiolojia. Mwaka 2017, akiwa waziri, alipiga marufuku mifuko ya plastiki iliyokuwa imeshinda majaribio ya kabla yake, kwa sheria yenye adhabu ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Anayekumbuka mifuko iliyokuwa ikining'inia kwenye nyaya kutoka Gioto hadi ukingo wa mbuga anajua kwamba uamuzi huo mmoja wa afisini ulisafisha kuliko siku zote za usafi tulizowahi kuandaa na wanafunzi.

Wote hao walikuwa na uwezo wa kuichukua elimu ya fani moja na kuisemea mbele ya fedha, sheria na siasa bila kuipunguza nguvu. Hilo halifundishwi katika somo la usimamizi wa wanyamapori, na sidhani linafundishwa vya kutosha katika sheria au uchumi.

Palikuwapo pia ubishi mkubwa kati ya Leakey na David Western, aliyemfuata KWS mwaka 1994. Leakey aliweka imani yake katika mbuga zenye mipaka migumu na ulinzi wa silaha. Western alisisitiza kwamba wanyama wengi wanaishi kwenye ardhi za watu, hivyo watu hao wakikosa faida, mbuga zitabaki visiwa. Inakadiriwa kuwa karibu asilimia 65 ya wanyamapori wa Kenya wako nje ya maeneo yaliyotengwa. Naegemea upande wa Western, ingawa nakiri kwamba bila bunduki za Leakey huenda kusingebaki cha kubishania. Kinachonisikitisha ni kwamba miaka thelathini baadaye Western ameshinda kwenye maandishi ya sera, na Leakey ameshinda kwenye ajira. Ukisikia tangazo la nafasi nyingi za kazi katika uhifadhi, mara nyingi ni usajili wa makurutu.

Huku magharibi pengo hili linaonekana wazi zaidi kwa sababu mbuga zetu ni ndogo mno. Saiwa, karibu na Kitale, ina takriban kilomita mraba 3 za kinamasi, makao ya nzohe, swala wa kinamasini. Hifadhi ya swara mjini Kisumu haifiki nusu ya kilomita mraba. Ruma, katika bonde la Lambwe, ndiyo pekee iliyobaki na korongo, yule swala mkubwa na si ndege, nchini Kenya, na idadi yao ni ndogo kiasi kwamba ugonjwa mmoja au ukame mmoja unaweza kuwafuta. Hakuna mbuga kati ya hizo inayoweza kujitosheleza. Saiwa huishi kwa maji yanayotoka mashamba ya watu, kwa hiyo mkulima wa mahindi anayelima hadi ukingoni mwa kijito ana nguvu juu ya nzohe kuliko mkuu wa mbuga.

Msitu wa Kakamega nao umegawanywa: kaskazini, upande wa Buyangu, yuko KWS, na kusini, upande wa Isecheno, yuko Shirika la Misitu. Kima anayeruka kutoka tawi hadi tawi haujui mpaka huo. Kule Isecheno vijana wa vijijini waliokuwa wakiwaongoza watalii walianzisha mwaka 1995 mpango wa kuelimisha shule za jirani kuhusu msitu, unaoitwa KEEP. Hawakungoja kuajiriwa. Walianza na walichokijua, majina ya miti na sauti za ndege, wakakipeleka madarasani.

Halafu kuna Yala, kinamasi chenye hekta zipatazo 17,500, ambako tangu miaka ya mwanzo ya 2000 mvutano kati ya kilimo kikubwa na mafunjo haujakoma. Anayeishi pale hukabiliwa na ramani, mikataba ya kukodisha ardhi na ripoti za tathmini zilizoandikwa kwa lugha ngumu. Kinamasi kile kinahitaji wanasheria, wapimaji ardhi, wachumi na wataalamu wa maji kuliko kinavyohitaji doria zaidi. Naongea na wazazi wa huko wanaosema mtoto wao anapenda ndege na mafunjo lakini "amechagua sheria, ameiacha ndoto yake." Huwaambia hajaiacha.

Mahakama ni mfano mwingine ambao hatuupi uzito. Shirika la WildlifeDirect lilipochunguza kesi za wanyamapori za 2008 hadi 2013 liligundua kwamba ni asilimia 4 tu ya waliopatikana na hatia waliofungwa jela. Askari alilala porini siku nyingi, akamshika mtu na pembe, na kesi ikaishia kwa faini ndogo. Sheria mpya ya wanyamapori ya 2013 ilipandisha adhabu, kwa wanyama walio hatarini kuangamia, hadi faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Sheria hiyo hiyo ilianzisha kamati za kaunti za kushughulikia fidia, na ikaweka shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Fedha hizo zimekuwa zikichelewa, wakati mwingine kwa miaka. Mjane wa mvuvi aliyeuawa na kiboko hamkumbuki mkuu wa mbuga. Anamkumbuka karani aliyemjazia fomu na kumwambia arudi Jumatatu. Ukitaka kujua kijiji fulani kitawaonaje wanyama katika miaka kumi ijayo, mtazame karani huyo.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alisomea kemia, akabobea katika maji, akarudi nyumbani Njoro. Miezi michache iliyopita alinitembelea. "Mwalimu," akaniambia, "nimetuma maombi kumi na moja. Wa wanyamapori wanasema mimi ni wa maji. Wa maji wanasema hawana nafasi. Mradi mmoja ulinichukua miezi minane, mfadhili akaondoka." Hali yake si ya peke yake. Nafasi nyingi za nje ya seng'enge hulipwa na wafadhili, na Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, miradi ya uhifadhi nchini ilikuwa miongoni mwa iliyokatiwa fedha. Taaluma inayotegemea bajeti ya taifa lingine haiwezi kuzaa viongozi. Kiongozi hukomaa kwa kukaa mahali pamoja miaka kumi, akaona mvua ikija na kupotea, akajua ni nani humwaga nini mtoni na saa ngapi.

Na wala hatukosi pa kuanzia. Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iko Naivasha, ndani ya kaunti yetu hii hii. Chuo cha misitu kiko Londiani, si mbali. Egerton iko kando ya mto wenyewe. Natamani kuona mwanafunzi wa Naivasha na wa Londiani wakifanya mafunzo ya muhula mzima pamoja, wakipima Mto Njoro kutoka chanzo hadi seng'enge, wakiketi na vyama vya watumiaji maji, na mwishoni wakiiwasilisha hesabu yao mbele ya kamati ya mazingira ya bunge la kaunti. Natamani KWS ipime ubora wa afisa wake wa Nakuru kwa idadi ya vikao alivyohudhuria nje ya mbuga pia. Zaidi ya yote natamani kaunti iwe na afisa mmoja wa kudumu wa bonde la ziwa, mwenye mshahara wa kaunti, ambaye kazi yake ni kuwauliza wale wenye mikono mingi mtoni swali moja: mnachofanya leo kitafika ziwani kikiwa nini? Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Jedwali la Nne linaiachia kaunti utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo na maji. Msingi wa kisheria upo.

Nimekaa katika vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Watu huomba barabara, basari na zahanati, na wana haki. Sijawahi kumwona mtu akisimama kulisemea ziwa, na asiyekuwapo na lake halipo. Makadirio ya bajeti yanapaswa kufika bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili. Yule mwanafunzi wangu amekuwa akichota sampuli chini ya daraja la Njoro kila Jumamosi tangu mvua zianze, kwa chupa alizonunua mwenyewe, na matokeo ameyaandika kwenye daftari la mistari kama tulivyokuwa tukifanya darasani. Tumepatana kwamba kikao cha wodi kikitangazwa tutakwenda pamoja. Yeye atasoma daftari, mimi nitashika ramani.